Pumzi za Waliolala

Ntinda, Kampala
Jumapili, 12 Oktoba 2025
Asubuhi: mawingu mazito, ubaridi, mvua bado.

Mdogo wangu Obita,

Salamu nyingi. Natumaini wewe, mkeo Ayaa na watoto hamjambo hapo nyumbani Gulu, na kwamba goti lako linapata nafuu. Mimi ni mzima. Sikupiga simu kwa sababu maneno haya nataka uyasome peke yako, polepole.

Uliniuliza habari za kazi yangu mpya. Tunafundisha roboti itakayoishi na watu ndani ya chombo cha angani. Ni ndogo kama papai, na inaelea. Kule juu pumzi uliyoitoa haiondoki yenyewe. Feni ikizimika inabaki palepale usoni, na aliyelala anaivuta tena hadi imdhuru. Kwa hiyo roboti humpitia kila aliyelala, ikapima hewa karibu na pua, na ikiona hatari inawaamsha wote. Mimi hutazama video za mazoezi na kuweka alama pale ilipomkaribia mtu mno akashtuka.

Rosebella, Mkenya ninayekaa naye meza moja, alitazama kidogo akauliza, "Hiyo ni mashine ama ni mama mkwe?" Ofisi nzima ilicheka. Mimi nilitoka nje. Asubuhi hiyo Ayaa alikuwa amenipigia akasema Mama huingia chumbani kwenu usiku na kuwawekea mkono puani, wewe na watoto, na kwamba umenunua kufuli la kumfungia chumbani kwake. Simlaumu Ayaa. Hata mimi ningeogopa.

Lakini kuna jambo hukuambiwa. Kabla yako Mama alimzaa Akwero. Aliugua kifua. Mama alimkesha siku nyingi, kisha usiku mmoja akapitiwa na usingizi. Alipoamka, mtoto alikuwa amekwisha kuwa baridi. Baba alikataza jina lile lisitajwe nyumbani, nasi tukatii hata baada ya kumzika Baba mwenyewe. Tangu wakati ule Mama hupita usiku. Zamani Baba alimrudisha kitandani kimyakimya. Sasa hakuna wa kumrudisha.

Hajachanganyikiwa, Obita. Usimfungie. Akija, usifungue macho. Pumua kwa nguvu kidogo asikie, naye ataenda kulala.

Nisalimie Ayaa, na ukipenda mpe naye asome. Watoto waambie shangazi yao anawakumbuka.

Dada yako,
Abwola

Sasa ni saa tano kasoro robo usiku, nakwenda kulala.