Boti Haikusogea, Mke Akahamia Chumba cha Watoto

Mshauri wangu mpendwa, shikamoo. Nisaidie, nina uchungu. Mimi ni mwanamume wa miaka arobaini na moja, nauza vifaa vya ujenzi, naishi Themi na mke wangu Anneth, na mwaka jana nilinunua boti ndogo ya tanga ya watu wawili, basi kila Alhamisi jioni tunashindana Ziwa Duluti, boti tano tu, na Alhamisi iliyopita nikamwalika mama mkwe kutoka Machame aje aone binti yake ameolewa na mtu wa namna gani, ila upepo ukagoma. Anneth akanishauri tupite kando ya miti kwa sababu kule majani yalikuwa yanatikisika, nikamwambia nahodha ni mimi, tukabaki katikati ya ziwa karibu saa nzima tanga likiwa limelala, wenzetu watatu wakapita kulekule kwenye miti wakamaliza, ndipo nikachukua kasia la dharura nikapiga maji kidogo, kidogo tu, upande ambao nilidhani watu wa ufukweni hawaoni, japo sheria inakataza. Tukawa wa nne.

Sankale, msimamizi wa mashindano, akaniuliza kama nilitumia kasia. Nikasema hapana, muulize mke wangu, tena ndiye aliyetuchelewesha kwa maneno mengi. Anneth akaanza kukunja tanga. Mama mkwe akafunga chupa yake ya chai akaomba arudishwe Machame.

Tulipofika nyumbani Anneth akaniambia, "Kushindwa si kitu, Allen. Umesema uongo mbele ya mama, halafu ukataka mimi niutie sahihi." Tangu siku hiyo analala chumba cha watoto, na nasikia Alhamisi hii atashindana na jirani yetu Theresia, kwa boti yangu. Je, niiuze ili amani irudi?

Allen, Themi

JIBU

Marahaba, nahodha. Pole sana. Kuvunja sheria na bado ukawa wa nne kati ya watano kunahitaji kipaji, na nimeona unacho.

Uza boti, kwa nini usiuze? Si ndiyo iliyomdanganya Sankale? Si ndiyo iliyomsingizia Anneth mbele ya mzazi wake? Ukimaliza uza na ziwa.

Naelewa aibu, usidhani sielewi. Kukwama mbele ya mama mkwe kunauma. Lakini yeye hakuondoka kwa sababu ya upepo. Aliona mwanaume anamtupia binti yake kosa, na binti anameza. Na yule uliyempita kwa kasia, hata jina lake hukulitaja. Nafasi ya nne ni yake.

Sasa sikiliza. Leo hii mpigie Sankale, mwambie ulitumia kasia na matokeo yako yafutwe. Jumamosi nenda Machame na Anneth, kama atakubali, useme mbele ya mama yake kwamba ulidanganya na kwamba mkeo alikuwa sahihi. Usisingizie jua wala njaa. Habari za chumba cha kulala usizitaje, mlango Anneth anaujua.

Alhamisi wasaidie Anneth na Theresia kushusha boti majini, kisha kaa ufukweni. Na wakirudi wa mwisho, usiwaeleze upepo ulikuwa wapi.