Mzee Ameomba Funguo

Nkubu, Meru

Mpendwa Mama Pendo,

Kabla hujauliza: mimi ni mzima, nakula vizuri, na baridi ya huku nimeizoea, ingawa asubuhi bado natetemeka na watu wananicheka. Nanyi je? Kifua cha mama kimetulia? Charo ameacha kulia akipelekwa shule? Nimeamua kuandika kwa sababu simu imetushinda. Kila tukiongea tunaanza vizuri, kisha unaniuliza nangoja nini huku, nami nakosa jibu, tunakata simu kila mtu amenuna. Leo jibu ninalo. Ila soma mwenyewe, usimpe Pendo akusomee, maana kuna mahali baba yake analia.

Najua yasemwayo hapo Kilifi. Kwamba Mheshimiwa hana uwaziri tena, hana bendera wala walinzi, na mumeo bado amemng'ang'ania kama kupe. Najua pia mwalimu mkuu ameniwekea ile kazi ya kuendesha basi la shule, na kwamba shule zikifunguliwa sijafika atampa mtu mwingine. Sikuidharau kazi hiyo. Nilishindwa kuondoka tu. Siku aliyoachishwa uwaziri tulisikia kwenye redio, tukiwa njiani kwenda mkutano. Alizima redio, akasema, "Kazungu, tafuta mahali tunywe chai." Hakumtukana mtu, siku ile wala baadaye. Wale wasaidizi waliokuwa wakigombania kumfungulia mlango wakaacha kupokea simu zake. Tukarudi huku kwake, yeye, mimi na mkewe Mama Kendi, ambaye kwao ni Embu. Sasa niambie, ningemwachaje?

Na Mzee hakuwa sawa, usidhani. Kila asubuhi alivaa suti na tai, akakaa sebuleni na simu mapajani akingoja ilie. Nje ya geti hakutoka. Kanisani aliacha kwenda, eti kiatu kinambana. Siku moja Mama Kendi alinivuta jikoni akaninong'oneza, "Kazungu, huyu mtu atanikufia hapa kwa kiti. Tafuta vile utamtoa."

Bahati nzuri kahawa ya shamba lake ikaiva. Ikishachumwa, haitakiwi kulala. Lazima ifike kiwanda cha ushirika siku hiyo hiyo. Nikapakia magunia kwenye pikapu kuukuu ya shamba, kisha nikamdanganya Mzee kwamba karani wa mizani anataka mwenye shamba awepo. Alinitazama sana. Akaja, na suti yake.

Huko ndiko nilikofanya ujinga. Miaka yote nimeendesha gari la bendera, mke wangu, na gari la bendera halijui foleni. Akina mama walikuwa wamejipanga kuanzia getini, na magunia yao, na punda, na mikokoteni. Mimi nikawapita wote, nikaenda nikaegesha mbele ya mizani. Haki ya Mungu sikufikiri kitu, mikono yenyewe ilinipeleka. Kelele zilizopigwa!

"Wewe dereva, rudisha hiyo gari nyuma! Hapa hakuna king'ora!"

"Sisi tumekuja hapa asubuhi, unatuona kama miti?"

Nikamtazama Mzee, ameinamisha kichwa. Nikajua nimemmaliza. Miezi yote ile namlilia Mungu amtoe nje ya geti, na siku aliyotoka ndiyo namwaibisha mbele ya watu wa kwao. Nilikuwa tayari kusikia, "Turudi nyumbani." Badala yake alifungua mlango mwenyewe, akashuka, akawaambia wale akina mama, "Mko sawa." Kisha akanigeukia. "Rudi nyuma kabisa, Kazungu. Mimi nitatembea."

Tukapanga foleni mpaka jua likatupata utosini. Zamu yetu ilipofika, karani akatia mkono guniani, akatoka na kahawa nusu nyekundu, nusu kijani. Vibarua wetu walikuwa wamechuma kila walichokiona. Kiwandani mbichi haipimwi. Mkulima huimwaga kahawa yake juu ya magunia yaliyotandikwa chini, akaichagua, ndipo arudi kwenye mizani. Karani alipomtambua Mzee akaanza kubabaika, akasema ataipitisha tu vile ilivyo.

"Usipitishe," Mzee akasema. Akavua koti akanipa, akakaa chini kwenye gunia, miguu ameinyoosha, akaanza kuchagua.

Pembeni yake alikuwa Mama Karimi, jirani yetu, mwanamke mwenye ulimi usiojua likizo. Akamtazama weee, kisha akasema kwa sauti ya kusikika na kila mtu, "Kai! Mheshimiwa, na ukiwa kule juu ulikuwa unachagua hivi, ama ulikuwa unapitisha tu, mbichi na mbivu?"

Mimi nikatamani ardhi inimeze.

"Mbichi nyingi zilinipita, Mama Karimi," Mzee akajibu. "Na mbivu zingine nilitupa."

Mama Karimi akaangua kicheko mpaka akajifuta macho kwa leso, na wengine wote wakamfuata, na Mzee naye akacheka, cheko ambalo nilikuwa sijalisikia tangu tutoke Nairobi. Wakamzunguka wakamsaidia kuchagua. Mikono inafanya kazi, midomo nayo haikufungwa. Ndipo Mama Karimi akaniona nimesimama na lile koti kama mlingoti.

"Na huyu dereva, ako na bibi?"

"Ako naye, huko Kilifi," Mzee akasema. "Na watoto wawili."

"Na wanamuonanga lini?"

Mzee akaiinamia tena kahawa yake. Tulipokuwa tukirudi alitazama njia nzima mikono yangu kwenye usukani.

Kesho yake nikamkuta amesimama kando ya pikapu, amevaa gambuti za shambani na sweta iliyotoboka kiwiko. "Nipe funguo," akasema. "Utanifundisha." Leseni anayo ya tangu ujana, lakini usukani alikuwa hajaushika tangu aanze kuendeshwa. Mama Pendo, nilipata kazi! Gia zililia mpaka kuku wa jirani wakahama. Aliangusha ua wa Mama Karimi, na jioni akaenda kuujenga kwa mikono yake. Mara nyingine alikasirika, "Nimesimamia wizara nzima, gia itanishinda?" nami namwambia, "Mzee, kanyaga klachi kwanza." Anashuka, anabamiza mlango, anazunguka migomba, anarudi. Kwenye barabara ya Embu malori yanatupigia honi, watu wanasimama kutazama, naye ananiuliza kwa upole, "Nimekosea wapi?" Nimemwona akipigiwa saluti na makamanda. Sikumheshimu wakati ule kama ninavyomheshimu sasa.

Jana akapeleka kahawa peke yake. Mama Kendi na mimi tulisimama getini, macho barabarani. Pikapu ikarudi taratibu, magunia matupu, gambuti zina matope mpaka juu. Ikamzimikia pale pale getini. Akateremka akaniambia, "Nimefika, nimepanga laini, nimerudi. Sasa wewe enda kwa watoto wako. Nimekuweka mbali nao sana, na hukuwahi kuniambia." Nikalia, mwanamume mzima, mbele ya Mama Kendi. Sijui ilikuwa furaha au uchungu. Ninampenda yule mzee, acha niseme tu.

Kwa hiyo mkimbilie mwalimu mkuu leo hii, mwambie basi lake limepata dereva. Nisalimie mama, mwambie namletea kahawa ya kifua. Kaka yangu mkubwa mwambie aache kuniita yatima wa serikali. Mabusu kwa Charo. Pendo nitamsalimia mwenyewe.

Naondoka Jumamosi. Nilitaka kupanda gari hapa Nkubu, lakini Mzee amekataa katakata, anasema atanifikisha mwenyewe mpaka Embu mjini. Nikamwambia barabara ile ina kona na miteremko, bado mapema. Akaniuliza, "Wewe ulinipeleka usiku na mchana, mimi nimelala nyuma. Nilikuwa nauliza kona?" Basi Jumamosi nitakaa kando yake, nifunge mkanda, ninyamaze. Mtuombee sote wawili.

Ni mimi mumeo anayerudi,
Kazungu