Sifa za Profesa kwa Roswitha

Leni, nimetoka sasa hivi kumuaga Roswitha pale ofisi ya kamusi. Nimejaa kinyaa mpaka kooni.

Yule Profesa Fauchet, Mfaransa wetu, kasimama na glasi yake, akasema kwa Kijerumani safi kwamba Roswitha ni mwanamke "ordinär". Mbele ya watu wote. Mama wa watu kaihariri kamusi miaka thelathini na moja, siku ya kustaafu anaitwa mshenzi asiye na adabu.



Fauchet akacheka. "Jamani, kwetu 'ordinaire' ni mtu wa kawaida, asiye na makuu. Neno ni moja la Kilatini, kila nchi na maana yake. Mimi nimemsifu."

Watu wakapumua, wengine wakacheka naye. Kamsifu, eti.

Roswitha akaweka uma mezani, akamwambia taratibu, "Profesa, makala yako kuhusu neno hilo niliihariri mimi. Uliandika mwenyewe kwamba kwa Wafaransa halina ubaya, ila kwa Wajerumani na Wapolandi ni tusi. Nilikurudishia kwa makosa mengine. Hapo hukukosea."

Leni, yule mtu alijua. Alijua kabisa.

Na unajua alijibu nini? "Roswitha, leo ni sherehe, tusiiharibu."

Roswitha akachukua koti lake, akaondoka. Hakuna aliyemfuata. Mkurugenzi akakata keki, akaanza kugawa.

Na mimi nikapokea kipande changu, nikala.