Soksi Kwenye Kikapu cha Pasaka

Jagna, mbona hupokei simu? Haya, soma. Ndiyo kwanza natoka kanisani kubarikisha kikapu cha vyakula vya Pasaka, na uso bado unaniwaka.

Padri anapita mezani ananyunyizia vikapu maji ya baraka. Kufika kwetu, akasimama. Katikati ya mayai na soseji, soksi! Soksi ya mume wangu, Jagna!

"Na hii nayo mtaila?" akauliza. Watu wakaangua kicheko.

Tosia wangu, na miaka yake mitano, hana habari: "Ni ya baba. Mama alisema kinachobarikiwa leo ndicho kinachokaa nasi mezani kesho."

Mezani kesho! Kicheko kikakatika. Nani pale asiyejua kwamba Wojtek wangu yuko kazini Norwei, na haji Pasaka hii pia? Padri akainyunyizia maji. Soksi!

Nikabaki nacheka peke yangu kama mwehu.

Sasa watoto wako nje, wanachezea matope ya theluji iliyoyeyuka. Nimeitoa ile soksi kikapuni, nikainusa.

Inanukia soseji na sabuni tu. Niliifua mwenyewe, siku ileile alipoondoka.