Jina Nililoandika Komini

Bunia, Bigo

Yaya yangu Agathe,

Nakusalimia sana, weye pamoja na shemeji na watoto wote wa huko Boga. Natumaini mvua ilinyesha vizuri na mugongo wako umepunguza kuuma. Siye hapa tuko wazima wa mwili. Divine amepata nguvu kisha kuzaa, na mutoto ananyonya vizuri.

Uliniuliza kwenye telefone sababu gani sikulia tulipomuzika baba yetu. Watu walikuwa karibu, sikuweza kujibu.

Tulikuzwa tukiambiwa kwamba baba mudogo Vital alikufa na malaria huko Epulu, na miye niliyezaliwa mwezi ule nikapewa jina lake. Basi, kisha Divine kuzaa, baba akiwa bado hai, mjane wa Vital, mama Jeannine, alikuja kuona mutoto. Nikamwambia kwa furaha kwamba muzee, ingawa anaumwa, ameomba mutoto aitwe Eugène kama yeye. Akamurudisha mutoto kwa Divine, akaniomba tutoke inje.

Alinieleza kwamba mume wake hakufika Epulu hata siku moja. Mwaka ule wa vita walikimbia pamoja na baba. Kwenye bariyeri iliyofunga njia, mumoja wa wenye bunduki akamutambua Vital kuwa alikuwa dereva wa upande mwingine. Wakamuuliza baba kama huyu ni ndugu yake. Baba akajibu, "Huyu simujui." Wakamupeleka nyuma ya nyumba moja, na hakurudi. Jeannine alikuwa hatua tano nyuma yao, mutoto wake mugongoni, akauma kitambaa chake asisikike. Kisha baba akamwambia aseme ni malaria. Alikuwa hana kwingine kwa kukaa ila kwa baba, akasema hivyo.

Nikaenda kumuuliza baba. Nilifikiri atakataa. Akasema, "Nilikupa jina lake ili niite kila siku, na yeye aitike."

Yaya, miaka ishirini na mbili nilidhani anayeitwa ni miye.

Sasa sikia jambo ambalo Divine peke yake anajua. Kesho yake nilienda komini, kwenye ofisi ya serikali, nikaandikisha mutoto kwa jina la Caleb. Nikarudi, nikamwambia baba imekwisha, ni Eugène. Akaomba mutoto awekwe kifuani mwake, akamuita Eugène, Eugène, mpaka usingizi ukamushika. Juma lile akafa, akiwa na furaha. Sikumuonea huruma, na hata leo simuonei.

Utakapokuja kumaliza kilio, wazee watakuwekea mutoto kwenye magoti na kukuambia, huyu ndiye baba yako amerudi. Tafadhali muite Caleb, mbele yao wote. Kama moyo wako unakataa, baki Boga. Sitakukasirikia, lakini usimushike mutoto wangu.

Musalimie shemeji, na wadogo wote uwabusu. Divine anakutumia salamu nyingi.

Ni miye mudogo wako, ambaye watu bado wanamuita

Vital