Kompyuta ya Rajabu Inawaka Haraka

Koboko, Jumanne usiku

Kumbe hata memori ina rika lake. Ile mpya niliyonunua haikuingia, mkato wake haulingani na tundu la ndani ya kompyuta yetu. Leo nimepanda basi mpaka Arua na kompyuta nzima, nimeipakata kama mtoto. Mgongo unaniuma.

Fundi alipoifungua, akacheka. “Mama, hii iko mashine ya zamani. Bodi inakubali giga mbili tu. Ukiweka nne, haiwezi ona ingine.” Akachomoa memori kwenye mashine zilizokufa, akaijaza yangu mpaka mwisho wake. Nilikuwa naogopa ataniambia niitupe.

Marehemu mume wangu Rajabu asingekubali. Kila asubuhi tuliiwasha hapa dukani, halafu tunangoja. Ilichelewa sana kufunguka. “Acha iamke polepole,” alikuwa akisema, “sisi tunywe chai.” Karo ya watoto, maneno ya mawifi, yote tuliyaongelea hapo. Nyumbani watu walikuwa wengi mno.

Jioni nimeirudisha mezani, nikaiwasha, nikageuka kumimina chai. Vikombe viwili, mazoea tu.

Nilipogeuka tena ilikuwa imeshafunguka, inaningoja mimi.