Maelezo ya Mama Pasi Kuhusu Jibu la Bibi Harusi

MAELEZO YA SHAHIDI
Yameandikwa kituoni, chumba namba 3, tarehe 15 Septemba, kuanzia saa 4:10 asubuhi.
Jina: limehifadhiwa jaladani. Kazini anaitwa Mama Pasi.
Umri: miaka 52.
Kazi: msimamizi wa chumba cha kufulia hotelini, pia mkalimani wa wageni.
Makazi: nyumba za wafanyakazi nyuma ya hoteli, chumba namba 9.

Mimi niliyetajwa hapo juu naeleza kama ifuatavyo. Sikuburutwa kuja hapa, nimekuja kwa miguu yangu. Afande amenionya kwamba ninayoyasema yanaweza kunigeukia mimi mwenyewe. Nimemwambia aandike tu.

Hoteli yetu iko ufukweni na wageni wengi huja kufungia ndoa pale. Kuna shughuli za aina mbili na sisi wafanyakazi tuna majina yetu. Ndoa ya picha ni urembo mtupu. Mshereheshaji wa hoteli anavaa suti, anasema maneno matamu, maharusi wanasaini karatasi iliyochorwa maua, wanapigwa picha, wanarudi kwao kama walivyokuja. Ndoa ya cheti ni ya serikali. Msajili anakuja mwenyewe na daftari lake, na ukishasaini humo umeolewa, hapa na kwenu pia. Katika shughuli kumi, nane ni za picha. Sisemi hivyo kujitetea. Au labda najitetea, sijui.

Mnamo Jumamosi tarehe 6 Septemba, saa 2:15 asubuhi, nilikuwa chumba namba 21 nikimvalisha bibi harusi, ambaye ndiye mlalamikaji. Ni binti wa miaka ishirini na sita, na lugha yetu haijui hata ya kuombea maji. Yake mimi naijua kwa sababu nililea watoto wa familia moja ya kwao kwa miaka kumi na moja. Ni lugha ya jikoni na ya kubembelezea watoto, lakini hotelini hakuna mwingine anayeijua, basi meneja akanipa ukalimani. Nilijisikia mtu. Dobi gani anasimama mbele ya serikali?

Nikiwa nimepiga magoti nikimbana pindo kwa pini, binti aliniuliza, "Mama, ya leo ni ya kweli au ya kupiga picha?" Nikamuuliza kwani mwenzake hajamwambia. Akasema ameambiwa ni ya picha, kumfurahisha mama mkwe ambaye ni mgonjwa, ila jana yake alipewa fomu nyingi za kusaini na hakuelewa hata moja. Halafu akasema, "Kusherehekea niko tayari, mama. Kuolewa bado sijaamua."

Ratiba ya shughuli za siku hubandikwa kwenye mlango wa ofisi ya meneja, mwisho wa korido ileile. Ningeinuka, ningetembea, ningesoma, ningerudi kabla pini hazijanitoka mdomoni. Sikuinuka. Nilimwambia, "Ni ya picha tu, mwanangu. Tulia, usije ukalia wanja ukachuruzika." Akacheka, akanishika bega. Hapo nilikuwa sijadanganya. Nilikuwa nimesema jambo nisilolijua kwa sauti ya mtu anayelijua.

Saa 4:30 asubuhi tulikuwa bustanini. Viti arobaini, vyote vimejaa. Mama wa bwana harusi alikaa mbele, na leso alishaitoa kabla hata ya kuanza. Nikasimama nyuma ya bibi harusi, upande wa kushoto, kama ninavyosimama siku zote. Nikamwona mtu anapita katikati ya viti na daftari kubwa la kijani kwapani. Hakuwa mshereheshaji wetu. Alikuwa msajili.

Moyo ulinilipuka paa! Nilimtazama meneja, naye akanionyesha dole gumba.

Msajili aliniapisha kwamba nitatafsiri kweli tupu, bila kuongeza wala kupunguza. Tunafahamiana siku nyingi, na ana utani wake. Akasema, "Mama Pasi, maneno usiyapige pasi. Yalete na mikunjo yake." Watu wetu wakacheka. Na mimi nikacheka. Nakumbuka kabisa kwamba nilicheka.

Akaniambia, "Muulize kama anakubali, kwa hiari yake, kuwa mke halali wa mwanamume huyu." Nikamuuliza binti, "Unakubali kuwa mke wake?" Neno "halali" nililimeza. Neno "hiari" nililimeza pia. Afande ameniuliza kama sikujua yanavyosemwa kwa lugha ile. Nayajua.

Binti aligeuza shingo kidogo upande wangu, tabasamu bado liko usoni kwa ajili ya kamera, akaninong'oneza, "Hii ni ile ya picha, sivyo mama?"

Msajili akauliza, "Anasemaje?"

Nikasema, "Anasema ndiyo."

Kisha nikamgeukia binti nikaitikia kwa kichwa.

Afande ameniuliza ni kwa nini. Nimemwambia sikupewa kitu na mtu yeyote, na bwana harusi sijawahi kuzungumza naye hata salamu. Niliona aibu, basi. Ningefungua mdomo, watu arobaini wangejua kwamba mimi ndiye niliyemwambia binti wa watu jambo la uongo asubuhi ile, na meneja angeniona dobi aliyevikwa kazi isiyomtosha. Nikajiambia moyoni, si wanapendana hawa, cheti kina ubaya gani? Jamani! Miaka yangu yote hii, nikauza hiari ya mtoto wa mwenzangu ili nisionekane mjinga kwa robo saa. Nikajikaza kisabuni, nikaendelea kutafsiri. Saa 4:50 binti alisaini daftari. Alisaini kwa madaha, mkono mmoja ameshika maua, akijua ni karatasi ya urembo.

Mnamo tarehe 11, saa 7 mchana, alinijia chumba cha kufulia. Mashine zilikuwa zinanguruma, ikabidi tutoke uani. Alikuwa na nakala ya cheti mkononi. Alikuwa amemwambia yule mwanamume kwamba anataka kurudi kwao peke yake akatulie, akajibiwa kwamba mke hajiamulii, na kwamba cheti kimeshapelekwa kuandikishwa kwao. Akaniomba nimsomee. Nilimsomea mstari kwa mstari, na safari hii sikumeza neno.

Alilia. Halafu, badala ya kunitukana, akanifariji mimi. Akasema, "Si kosa lako, mama. Hukujua. Na wewe walikudanganya." Nilimwacha anipanguse machozi huku anaamini hivyo. Katika yote niliyofanya, hili ndilo linaloninyima usingizi, maana siku ile hapakuwa na meneja wala viti arobaini. Tulikuwa wawili tu.

Asubuhi hii nimemkuta nje, kwenye benchi. Kaninyanyukia, kanishika mikono yote miwili, kanishukuru kwa kuja. Ameshawaambia polisi, kupitia mkalimani wa kwenye simu, kwamba mimi ni shahidi wake, mama aliyekosea kwa nia njema. Si kweli. Asubuhi nilikosea. Saa nne na nusu nilijua.

Naomba iandikwe wazi kwamba binti hakusema "ndiyo". Aliuliza swali, na jibu lililoingia daftarini ni langu. Kama kumwokoa ni lazima nishitakiwe, basi nishitakiwe. Sina la kuongeza wala la kupunguza, nimesomewa yote na ndivyo nilivyosema.

Sahihi ya shahidi: (imewekwa)

MAELEZO YA AFISA: Nimeyaandika haya mwenyewe na kumsomea shahidi, akathibitisha. Saa 5:35 asubuhi shahidi aliomba amweleze mlalamikaji yaliyomo humu yeye mwenyewe kabla hajasomewa na mkalimani mwingine. Niliruhusu, mbele ya askari wa kike. Walizungumza kwa muda wa dakika sita, kwa lugha ambayo hapa kituoni hakuna anayeielewa. Mlalamikaji hakupiga kelele. Aliuliza jambo moja, shahidi akaitikia kwa kichwa, na mlalamikaji akachukua mkoba wake akaenda kukaa benchi la upande wa pili.